Mdomo wa Mkalimani, Jicho la Nasike

Mhubiri yeyote aliyefika Eldoret na Kiingereza baridi aliondoka na sifa ya moto, kwa sababu kati yake na watu alisimama Gerishon Nyongesa. Mzungu akisema Mungu ni mwema, Gerishon alisema Mungu ni mwema hata mawe ya mto Sosiani yanajua. Mzungu akishusha sauti, yeye aliipandisha. Mzungu akitia shaka kidogo, akisema labda, akisema nadhani, Gerishon aliiruka ile labda kama mtu anavyoruka mtaro wa maji machafu pale mtaa wa Langas, akatua ng'ambo viatu vikiwa safi.

Hakuna aliyemshtaki kwa hilo. Ndivyo wakalimani wa mikutano ya injili walivyofanya kazi mji mzima. D.O., afisa wa tarafa, akishatoa kibali cha siku chache, na askari kanzu wakishasimama nyuma kusikiliza kama kuna neno baya juu ya serikali, hapakuwa na muda wa shaka. Mkalimani asiyewasha watu hakuitwa tena. Gerishon aliitwa kila mara. Alikuwa kijana, alijijua, na alivaa tai hata siku za matope.

Kwa hiyo mwaka 1988 daktari wa macho aliyeitwa Halden alipokuja kutoka Ulaya kufanya kambi katika kliniki ya misheni kwenye barabara ya Soy, na misheni ikaomba mtu wa kumtafsiria, wazee wa kanisa walimtaja Gerishon kabla swali halijaisha.

Halden alikuja kuwatoa watu mtoto wa jicho. Lakini alikuwa na ufundi mwingine, mpya, kwa wale wasioona mbali. Kwa kisu kidogo chenye makali ya almasi alikata konea, ile ngozi angavu iliyo mbele ya mboni, mikato myembamba iliyosambaa kutoka katikati kama spoki za baiskeli. Konea ikipona, mbinuko wake hupungua, na mtu huona mbali bila miwani. Gerishon alisikia hayo, akamfikiria mtu mmoja tu. Nasike.

Nasike alikuwa dada yake mkubwa. Baba yao alipokufa, mama alibaki na shamba dogo Chepsaita, na Nasike akaja mjini kushona yunifomu za shule kwenye veranda ya duka la vitambaa. Karo ya Gerishon ilitoka kwenye cherehani hiyo. Hata Kiingereza chake kilitoka hapo. Miwani ya Nasike ilikuwa nene kama kitako cha chupa ya soda, na watoto wa Langas walimwita Mama Chupa. Akiivua hakumjua mtu aliye ng'ambo ya barabara. Lakini sindano aliitunga uzi bila miwani, na taa ikiwa imefifia, maana macho ya namna hiyo huona karibu kuliko macho ya wengine. Hilo hakuna aliyelihesabu kuwa mali. Hata yeye mwenyewe.

Halden alimkata macho yote mawili. Yalipopona, Nasike alisimama kanisani akamtambua Mchungaji Eliakim kutoka safu ya nyuma, na kanisa likalipuka. Kanisa lao lilikuwa na desturi. Anayeokoka huleta alichoachana nacho, kiko, hirizi, chupa ya chang'aa, na vyote huchomwa kwenye karai nje ya mlango. Siku hiyo Gerishon alichukua miwani ya dada yake, akaitupa ndani ya karai pamoja na hirizi za watu. Fremu ikayeyuka. Watu wakaimba.

Haikuchukua muda Nasike akaanza kuona mambo ya ajabu. Asubuhi aliona mbali vizuri, lakini sindano ilimkimbia. Jioni sindano ilirudi, na watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka ukungu. Taa za magari zilirusha miali kama miiba. Jicho la kushoto lilikuwa baya zaidi. Miwani ingemsaidia, lakini miwani ilikuwa imeshachomwa mbele ya kanisa, na ushuhuda haurudishwi. Nani angesimama aseme Bwana alimpa macho mapya halafu yakaisha?

Halden aliporudi mwaka uliofuata, alilitazama lile la kushoto akasema kwa Kiingereza, polepole, akimwangalia Gerishon usoni: "Nikikata tena, mikato mipya itavuka ya zamani. Inaweza kusaidia. Inaweza pia kuacha makovu na kuidhoofisha konea, na hapo sitaweza kuirudisha. Sijui itakuwaje. Kama angekuwa dada yangu, ningempa miwani."

Gerishon aligeuka kwa dada yake. Maneno yalimtoka yenyewe, kwa sauti ile ile ya jukwaani. "Daktari anasema kazi nzuri aliyoianza, ataimaliza. Mkato mdogo tu, halafu mwanga."

"Amina," Nasike alisema.

Ndivyo jicho la kushoto lilivyokatwa mara ya pili.

*

Sasa ilikuwa Oktoba, 1990. Mahindi yalikuwa yamekauka mashambani, na Halden alikuwa amerudi tena. Ijumaa asubuhi Nasike aliketi mbele ya mashine ya daktari ya kutazamia macho, kidevu juu ya chuma, na Gerishon akasimama kati yao kama kawaida.

Halden alilitazama jicho la kushoto kwa muda mrefu. Lilikuwa na weupe katikati, na mistari iliyokutana, kama kioo cha dirisha kilichopigwa jiwe kikakataa kuanguka. Daktari alisogeza kiti nyuma, akashusha pumzi.

"Limefanya nililoliogopa," alisema. "Makovu yamekutana, konea imejipinda. La kulia nililikata mara moja tu. Halijaharibika, ila linabadilika asubuhi na jioni. Naweza kulikata tena, lakini moyo wangu haupo. Muulize kama anakumbuka niliyomwambia mwaka jana, kabla ya kulikata tena lile la kushoto. Nataka kusikia kwa maneno yake mwenyewe."

Swali lilikuwa jepesi. Mtoto wa darasa la tatu angelitafsiri. Gerishon alianza kunyoosha tai yake.

"Anasemaje?" Nasike aliuliza. "Mbona ameshusha pumzi hivyo? Nimeharibu tena?"

Neno hilo, nimeharibu, lilimchoma. Jicho lilipoanza kuwa jeupe, Nasike aliwauliza wazee ni kwa nini, na wazee wakamgeukia Gerishon, aliyekaa karibu na daktari. Gerishon akasema labda alilifikicha, labda alirudi kwenye cherehani mapema. Katika maisha yake yote ya ukalimani hiyo ndiyo siku pekee alipolitumia neno labda, na alilitumia kujificha nyuma yake.

"Anauliza," alisema sasa, "kama uko tayari kwa la kulia."

"Mwambie niko tayari. Na umwambie safari hii sitalifikicha, na cherehani sitaigusa mpaka yeye mwenyewe aniruhusu. La kushoto nililiua kwa mikono yangu. Nimejifunza."

Halden aliwatazama wote wawili. "Amesema maneno mengi. Anakumbuka?"

"Anakumbuka," Gerishon alisema kwa Kiingereza. "Anasema ameielewa hatari, na anataka."

Halden alikuna kidevu. "Ni mwanamke jasiri kuliko mimi," alisema. "Jumatatu asubuhi, basi."

"Jumatatu," Gerishon alimwambia dada yake.

Nasike akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa daktari, akautikisa kwa mikono miwili. "Sante sana, Daktari. Mungu akubariki." Halafu akamshika Gerishon begani, kwa sababu jua la nje lilikuwa kali na jicho bovu halikuweza kulivumilia. Gerishon alimwongoza mpaka langoni. Mkono wa dada ulikuwa mwepesi begani. Aliusikia kama gunia.

*

Jumamosi Gerishon alikwenda kumwambia dada yake ukweli. Alijiapia hivyo akifunga tai, akajiapia tena akivuka daraja. Veranda ilikuwa na cherehani mbili. Moja ya Nasike, na moja ya Adero, mwanamke wa Ugenya mwenye mdomo usiokosa kazi.

"Karibu, Moto wa Eldoret!" Adero aliita kabla hajapanda ngazi. "Leo umekuja na kiberiti ama tukuazime?"

"Shikamoo, Mama Adero."

"Mama nani? Mimi msichana." Alichukua sindano kutoka mkononi mwa Nasike, ambaye alikuwa ameinyoosha mbali kabisa na uso, akakunja shingo, uzi ukipita pembeni kila mara. Adero aliilowesha ncha ya uzi mdomoni, akaitunga kwa pigo moja, akairudisha. "Unaona maisha yangu? Siku hizi niko na mikono minne. Miwili ya kushona, miwili ya kumtungia dada yako."

Nasike alicheka. "Ngoja jioni. Jioni mimi ndiye nitakutungia."

"Jioni utanitungia, halafu njiani utasalimia mlingoti wa stima ukifikiri ni Mchungaji."

"Nitaujua tu si Mchungaji. Haunyamazi mtu akiusalimia?"

"Unanyamaza! Ndio maana nasema ni kama Mchungaji. Salamu zake ni za Jumapili peke yake."

Walicheka wote wawili, na Gerishon akajaribu kucheka. Mezani palikuwa na rundo la kaptura za shule zilizokatwa tayari, za kijani, zikingoja mishono. Nasike alizipapasa ukingo kwa vidole kabla ya kuziweka chini ya mguu wa cherehani. Zamani hakuwa akipapasa.

"Dada," Gerishon alianza. "Juu ya Jumatatu."

"Usinitie woga, we kijana. Nimewaza sana. La kushoto kosa lilikuwa langu. Hili la kulia halina kosa lolote, kwa nini Mungu aje aliadhibu?" Alizungusha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Tena wewe uko pale katikati. Daktari ni mgeni, atarudi kwao. Wewe ni damu yangu. Huwezi kuniacha nikatwe bure."

"Tunaweza kuahirisha. Mpaka mwaka ujao."

Cherehani ilisimama. "Kwani daktari alisema tuahirishe?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguka mbele yake, mpana, bila kizingiti. Ilimbidi aseme ndiyo tu. Angesema ndiyo, Nasike angeuliza alisema nini hasa, na kutoka hapo kila kitu kingefuata, mpaka kwenye karai, mpaka kwenye zile labda mbili alizowaambia wazee.

"Hapana," Gerishon alisema.

"Basi niache nishone. Nataka hizi ziishe kabla sijalala kitandani na bandeji."

Adero alikuwa ameacha kazi, akimtazama. "Huyu kijana anatoka jasho, na Eldoret leo ni baridi hata ng'ombe wanatetemeka. Gerishon, umekula nini?"

"Sijala."

"Ndio shida. Moto bila kuni."

Gerishon alishuka ngazi akielekea kliniki. Njiani alipanga maneno kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza yalikuwa rahisi ajabu, yalijipanga kama askari: nilikosea, sikumweleza, tafadhali usimkate. Mgeni angeyasikia, angekasirika, angepanda ndege. Lakini mlinzi wa lango alisema daktari amepelekwa Kapsabet kutazama mashamba ya chai, hatarudi mpaka jioni. Gerishon alisimama pale langoni akiona aibu mpya juu ya ile ya zamani. Alikuwa tayari kumwambia Mzungu kitu ambacho hakuweza kumwambia mwanamke aliyemnunulia daftari zake.

*

Jumapili kanisa la mabati lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mchungaji Eliakim alikuwa amemwalika Halden awasalimie waumini, na kabla ya ibada alimvuta Gerishon pembeni.

"Leo uwashe, ndugu yangu. Kesho ni siku ya ushindi. Watu wamefunga kwa ajili ya hilo jicho."

Nasike alikaa safu ya mbele upande wa akina mama, kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa amekigeuza kichwa kidogo ili jicho la kulia litazame jukwaa.

Halden alipanda. Alikuwa mtu mrefu, aliyeinama mabegani, na mikono yake hakujua aiweke wapi. "Nawasalimu," alisema.

"Nawasalimu kwa jina lipitalo majina yote!" Gerishon alisema.

"Amina!"

"Sikuja hapa kupokea sifa," Halden alisema.

"Anasema sifa zote ni za Bwana!"

"Haleluya!" Ngoma ililia mara moja, mtu akapiga kigelegele.

Halden alingoja kelele ziishe. Aliangalia chini kwenye ubao wa jukwaa, akasema kwa sauti iliyokuwa ndogo hata Gerishon ilimbidi ainame kumsikia. "Kuna dada hapa ambaye nilimuumiza."

Gerishon alinyooka. Watu walimngoja. Alifungua mdomo, na moto ule aliouzoea, ule uliokuwa ukimjia wenyewe kutoka tumboni, haukuja. Halden alidhani hakusikia, akarudia neno kwa neno.

"Anasema," Gerishon alisema, "kuna dada hapa ambaye alimuumiza."

"Amina!" sauti moja ilitoka nyuma kwa mazoea, ikafia hapo hapo.

"Jicho lake la kushoto halikuharibika kwa kosa lake."

"Jicho lake la kushoto halikuharibika kwa kosa lake." Aliona kitambaa cheupe kikiinuka kidogo.

"Nilikata mara mbili mahali ambapo mara moja ilitosha. Nilimwonya, naye akachagua kwa ujasiri. Kesho anataka nilikate tena na la kulia, na mimi naogopa. Nawaomba mniombee."

Nje jogoo aliwika. Gerishon alitafsiri lile la kukata mara mbili. Alipofika kwenye onyo alisimama, kisha akasema, bila kupandisha sauti, bila kitu chochote:

"Anasema alimwonya dada. Ni kweli, alitoa onyo. Mimi ndiye niliyelisikia. Dada hakulisikia, kwa sababu sikumwambia."

Mchungaji Eliakim alikuwa ameshainuka. "Ndugu Gerishon. Tafsiri peke yake."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote Eldoret kumwambia atafsiri peke yake.

"Hakufikicha jicho," Gerishon aliendelea. "Hakurudi kazini mapema. Mimi ndiye niliyewaambia wazee hivyo. Niliutunga uongo huo."

Mnong'ono ulipanda kama mvua inayokuja juu ya mabati. Mchungaji aliinua mkono kwa kwaya, na sauti ya kwanza ikaanza wimbo, ya pili ikaudaka.

"Nyamazeni kwanza," Nasike alisema.

Hakuwa mtu wa kusema kwa sauti kanisani. Labda ndiyo maana kwaya ilikatika katikati ya neno. Alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika benchi. "Gerishon. Mwaka jana alisema nini? Kila kitu. Anza mwanzo."

Gerishon alimwambia. Alisema mikato mipya itavuka ya zamani. Alisema inaweza kusaidia, inaweza kuacha makovu, na kwamba daktari alisema hajui. Kila neno lilikuwa dogo na kavu, na hakuna aliyeitikia amina. Lilibaki moja. Aliliona likija na hakuwa na pa kulipeleka.

"Akasema kama ungekuwa dada yake, angekupa miwani."

Halden aliangalia huku na huku, akijua kuna jambo, asijue ni lipi.

"Kama ningekuwa dada yake," Nasike alisema. "Na mimi nilikuwa dada ya nani?"

Halikuwa swali la kutafsiri.

*

Nasike alikataa kuongea na daktari kupitia kwake tena. Aliomba aitiwe Priscah, mwalimu wa shule ya msingi aliyekaa safu ya tatu, na wote watatu, Nasike, Priscah na Halden, waliingia chumba cha nyuma cha kanisa. Gerishon alibaki nje chini ya ukingo wa mabati. Waumini walitawanyika wakimpita mbali, kama wanavyopita mbali ng'ombe aliyekufa barabarani. Mchungaji Eliakim alisimama karibu naye kwa muda.

"Ungeniambia mimi kwanza," Mchungaji alisema.

"Ungeniambia nini?" Gerishon aliuliza.

Mchungaji alifikiri. "Ningekuambia ungoje mpaka Jumanne," alisema kwa ukweli, akaondoka, kichwa chini.

Dirisha la chumba lilikuwa wazi. Gerishon alimsikia Daktari Halden akiinua sauti kwa mshtuko alipoelezwa. Ndipo sauti ya Priscah ikaanza. Ilikuwa tambarare, ya mtu anayesoma swali la hesabu ubaoni.

"Anasema la kulia likiachwa litabaki hivi, ama litabadilika kidogo. Hajui. Anasema miwani itasaidia, lakini haitakuwa kama zamani. Ngoja, hapo sijaelewa, nimuulize tena." Kiingereza kidogo. "Anasema asubuhi na jioni pengine utahitaji miwani mbili tofauti. Hilo la kushoto, Nairobi wanaweza kuweka konea ya mtu aliyekufa. Wakati mwingine jicho huikataa. Hawezi kuahidi."

"Mtu aliyekufa," Nasike alisema.

"Ndiyo, Dada."

"Sindano?"

Priscah aliuliza. "Anasema jioni, ndiyo. Asubuhi, hajui."

Hajui, pengine, hawezi kuahidi, ngoja nimuulize tena. Gerishon alisimama nje akiyasikia maneno hayo moja moja. Kila moja lilikuwa lake, alikuwa amelibeba kinywani tangu mwaka jana, na lingemgharimu nini? Pumzi tu. Dada yake angeyasikia haya haya akiwa na macho mawili.

"Basi mwambie hivi," Nasike alisema ndani. "La kulia asiliguse. Kesho siji. Miwani naitaka, na kanisa likitaka kuichoma tena, wanichome mimi nayo. Na mwambie simlaumu. Hapana, ngoja. Mwambie namlaumu kidogo. Alikata mara ya pili akiwa na mashaka. Angeniuliza mwenyewe hata kwa vidole."

Priscah alisema yote, na lile la mwisho pia. Gerishon alimsikia Halden akijibu kwa neno moja. "Anasema ndiyo," Priscah alisema.

Walipotoka, jua lilikuwa utosini. Nasike alifunika jicho la kushoto kwa kiganja, na mkono mwingine ukamshika Priscah begani. Gerishon alisogea mbele yao.

"Dada, nisamehe."

Nasike alisimama. Jicho la kulia lilimtazama, likamkuta; saa hizo lilikuwa bado linaona mbali, na uso wa Gerishon ulikuwa karibu mno, pengine umefifia. "Sauti yako sitaki kuisikia leo," alisema. "Unajua ni nini kilichoniuma zaidi ya jicho? Mwaka mzima nimekuwa nikipiga magoti nikitubu kufikicha. Kila usiku. Nilikuwa namwomba Mungu msamaha kwa kitu sikufanya, na wewe ulikuwa unaniombea pamoja, umenishika kichwa."

Ilikuwa kweli. Gerishon alikuwa amemshika kichwa, na alikuwa ameomba vizuri sana.

"Mama anajua kesho nakatwa," Nasike aliendelea. "Ameuza kuku ili aje akae na mimi. Nenda Chepsaita leo hii, umwambie asije. Akikuuliza sababu, umwambie. Usimhubirie." Akamgusa Priscah. "Twende, Mwalimu. Kuna mtaro hapa mbele?"

"Upo. Hatua ndefu. Sasa."

Gerishon aliwatazama wakiuvuka, kisha akageuka kwenye njia ya Turbo, iendayo Chepsaita.

*

Alimkuta mama yake uani, ameketi kwenye turubai, akipukuchua mahindi. Mfuko wake wa safari ulikuwa tayari umefungwa mlangoni. Punje zilianguka kwenye karai kwa sauti kama mvua nyepesi.

"Gerishoni! Umekuja kunichukua? Nilisema ningekuja mwenyewe kesho alfajiri." Alimtazama viatuni, vilivyojaa vumbi. "Umetembea? Nasike yuko salama?"

"Yuko salama, Mama. Hakatwi kesho."

"Kwa nini? Daktari amesemaje?"

Ilimjia. Hata sasa ilimjia, kwa utamu ule ule: daktari amemwachia Mungu, Mama, Bwana ana njia yake na hilo jicho. Ingetoka vizuri. Mama angesema amina, angefungua mfuko, angempikia ugali, na wangekula. Aliyameza maneno hayo, na yalishuka kwa shida kama kipande cha mfupa.

"Amesema hajui," Gerishon alisema. "Mwaka jana pia alisema hajui. Mimi ndiye niliyemwambia Nasike kwamba daktari anajua."

Mikono ya mama ilisimama juu ya gunzi. Hakuelewa bado, lakini alikuwa ameanza, na Gerishon aliona alipoanza.

"Keti," mama alisema.

Gerishon alitaka kuketi kwenye ngazi ya mlango, pembeni, ambapo kivuli cha paa kilikuwa kimefika.

"Si huko." Mama alisukuma karai kando, akapangusa turubai mbele ya magoti yake. "Hapa. Nikuone uso ukisema."

Gerishon akaketi hapo, akaanza.